Mia tano kwa mwezi: kwa nini wazazi wa shule moja ya mtaani hawaelewani

Simama nje ya geti la shule ya msingi ya serikali kule Mbagala, Chamazi au Kivule, pembezoni mwa Dar es Salaam, saa sita na nusu mchana, zamu ya asubuhi inapompisha mwenzake wa mchana, usikilize wazazi. Mmoja anasema mwanawe wa darasa la saba anabaki shuleni hadi saa kumi, walimu hawampi pumzi, na majaribio ya kila wiki yanarudi yamesahihishwa. Mwingine, ambaye wake yuko darasa la pili shuleni hapohapo, anasema mtoto hajui kuunganisha "ba" na "ta", na daftari lina vema nyekundu juu ya majibu yaliyokosewa. Wa tatu hana habari na mjadala huo. Wake yuko Inglishi midiamu. Pale amefuata mtoto wa dada yake, na jina "Kayumba", lile la mtaani la shule ya serikali, kwake linatosha kuwa hukumu.

Kati ya hao watatu, wawili wa kwanza wanasema wanachokiona. Shule ni ileile, ila hawaioni kwa mlango mmoja.

Mwalimu mkuu hupimwa kwa mitihani miwili: Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Afisa elimu kata akija, anauliza matokeo hayo. Kwa hiyo mwalimu mkuu anapopanga ratiba ya Januari, walimu wake wenye mkono mzuri wa Hisabati na Kiingereza huwapeleka juu. Darasa la kwanza na la pili hupata anayebaki: pengine mwalimu mahiri wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) aliyekaa hapo miaka 20 na kila mzazi anamjua kwa jina, pengine mwalimu aliyehamia juzi, au aliye likizo ya uzazi bila wa kumshikia. Mtoto akiangukia kwa yule mahiri, ikifika Juni anasoma gazeti. Akiangukia mkondo wa pili, mzazi anatangaza mtaa mzima kwamba shule imekufa. Wote wawili wanalihukumu jengo kwa chumba kimoja.

Ongeza idadi. Sera inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Pembezoni mwa jiji mkondo wenye 100 na ushee si habari ya kushangaza, hasa tangu michango ya lazima ilipofutwa na watoto waliokuwa wakikaa nyumbani wakamiminika mwaka 2016. Kipindi kwa darasa la tatu kwenda juu ni dakika 40. Mwalimu mwenye watoto 110 akitumia nusu dakika kwa kila daftari, kusahihisha peke yake ni dakika 55, yaani kipindi kimekwisha na robo saa ya kipindi kingine imeliwa, na bado hajafundisha kitu. Ndiyo maana anatoa maswali matano badala ya kumi. Ndiyo maana anawaambia watoto wabadilishane madaftari na kusahihishiana huku yeye akisoma majibu ubaoni, na hapo ndipo zinapotoka zile vema za ajabu: ni kazi ya mtoto wa dawati la nyuma aliyekuwa anawahi kwenda kucheza. Mzazi anayejua hilo zile vema huzipitia haraka tu, kisha anatafuta sahihi ya mwalimu na neno "masahihisho" chini yake. Wiki mbili bila sahihi hata moja, hapo kuna jambo la kwenda kuuliza.

Sasa fedha, kwa sababu hapa ndipo lawama nyingi zinapomwangukia asiyehusika.

Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Zinazoingia moja kwa moja akaunti ya shule ni 6,000, na ukizigawa kwa miezi 12 unapata 500 kwa kila mtoto kwa mwezi. Mia tano, bei ya andazi na kikombe cha chai, ukibahatika. Mishahara ya walimu haimo humo, serikali inailipa kando, kwa hiyo si haki kuilinganisha mia tano na ada ya shule binafsi kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini ifuate hiyo mia tano inakokwenda uone.

Shule ya watoto 1,000 inapata 500,000 kwa mwezi. Chukua mtihani mmoja wa ndani: masomo sita, karatasi mbili kila somo, ni karatasi 12 kwa mtoto, 12,000 kwa shule nzima, sawa na rimu 24. Rimu ikiwa 12,000, umeshatumia 288,000 kabla ya kununua wino wa mashine ya kurudufia. Kilichobaki, 212,000, kinasubiriwa na chaki, umeme wa LUKU, bili ya maji, kitasa kilichovunjwa, bati lililotoboka na nauli ya mwalimu anayeitwa halmashauri. Mlinzi wa usiku hajalipwa bado. Kwa hiyo mwalimu mkuu ana njia mbili. Aandike mtihani ubaoni, ambapo mtoto wa nyuma asiyeona vizuri anafeli kwa macho, kichwa chake kikiwa kizima. Au aombe mzazi mia tano ya karatasi na elfu moja ya mlinzi.

Na akiomba, vita. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulisema elimu ni bila ada, Waraka Na. 3 wa 2016 ukafafanua kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya shuleni. Baada ya hapo ruhusa ya michango ya hiari ikarudi kwa njia ndefu: ipitie mkutano wa wazazi na kamati ya shule, halmashauri iridhie, mwalimu asishike fedha, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa kutolipa. Ni utaratibu wenye akili. Tatizo ni neno "hiari". Wakilipa wazazi 600 kati ya 1,000, wanaolipa wanaanza kuuliza kwa nini karatasi wanapata wote, na mwezi wa tatu wanaolipa wamekuwa 250. Mlinzi anaondoka. Wiki mbili baadaye madawati yanapungua. Aliyekataa mchango kwa kusema "elimu ni bure" ndiye atakayesema shule haina usimamizi.

Upande wa wanaolalamika si maneno matupu, na kuwatetea walimu kusiwe kisingizio. Michango hulazimishwa kwa mlango wa nyuma: mtoto hafukuzwi, anasimamishwa mbele ya mstari na jina lake linasomwa. Ni vigumu kumshika mtu kwa hilo, lakini mtoto anajua ameaibishwa. Viboko vilevile. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Uliza kitabu hicho utaonyeshwa kabati limefungwa. Wakati huohuo mwalimu wa zamu ana fimbo getini kwa waliochelewa na hahesabu. Vyoo navyo: kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 500 ilipaswa kuwa na matundu 25 kwa upande wao. Mzazi aende akahesabu, na ahesabu yale yenye mlango. Binti wa darasa la sita anayekosa shule siku tatu nne kila mwezi hasemi sababu, lakini sababu ipo hapo.

Ukishayakubali hayo yote, bado kipimo kinachotumiwa zaidi kuikataa shule ya mtaani ni kibovu. Watu hufungua matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, wanatafuta wastani wa shule kwenye alama 300, wanakuta ya binafsi ina 240 na ya mtaani ina 150, wanafunga mjadala. Tazama safu ya idadi ya watahiniwa kwanza. Ile yenye 240 huenda ina watahiniwa 38, ambao waliingia kwa usaili, na kila mwaka waliokosa alama ya kuvuka walikaririshwa au wazazi wao wakaitwa na kuambiwa kwa upole watafute shule nyingine. Unadhani hao wanaoambiwa hivyo wanakwenda wapi? Wanakuja shule ya mtaani, mara nyingi darasa la tano au la sita, na matokeo yao yanaandikwa jina lake. Shule yenye watahiniwa 210, isiyoruhusiwa kumkataa mtoto yeyote wa eneo lake, ikipata 150, kazi iliyofanyika hapo inaweza kuwa kubwa kuliko ya kule. NECTA yenyewe iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Kinachofaa kusomwa ni mgawanyo wa madaraja: wangapi wana A na B, wangapi wameachwa kwenye D na E, na idadi hiyo imekwendaje kwa miaka mitatu. D zikipungua mwaka hadi mwaka, pana mtu anafanya kazi.

Lugha ni hoja nzito zaidi ya wanaohama, na ina pande mbili za kweli. Shule nyingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Za Kiingereza, kama Olympio ya Upanga, ni chache na nafasi zake zinagombewa. Mtoto anamaliza msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta Biolojia, Jiografia na Hisabati zote zimebadilika lugha kwa usiku mmoja. Anayesema "ndiyo maana namlipia" hajakosea kuona shimo. Mtaala wa 2015 ulilipanua kwa kuondoa Kiingereza darasa la kwanza na la pili. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umekirudisha kuanzia la kwanza.

Ila upande wa pili hausemwi. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona, na kwa sababu analisikia nyumbani anajua amesoma nini. Mwalimu akiwepo na watoto wakisoma kwa sauti kila siku, mwaka mmoja unatosha kwa walio wengi. Mwenzake wa Inglishi midiamu ya bei nafuu, ambako mwalimu mwenyewe Kiingereza kinampa tabu, anakariri hadithi nzima kuhusu paka na mkeka huku akigeuza kurasa kwa mpangilio, mzazi anapiga makofi. Mfunikie neno moja katikati ya sentensi umwulize ni lipi. Mtihani huu mdogo mzazi yeyote anaweza kuufanya jikoni, na umewaumbua wengi wanaolipa 1,500,000 kwa mwaka, bila kuhesabu gari.

Gari lenyewe nalo ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mtoto wa miaka sita anayeamshwa saa kumi na moja kasoro ili azungushwe mitaa mitatu kabla ya kufika shule analala darasani. Wa mtaani anaamka saa kumi na mbili na anakwenda kwa miguu na wenzake. Faida hii inapotea pale mzazi anapoikimbia shule ya mtaani kwa ajili ya nyingine ya serikali iliyo katikati ya jiji. Hapo mtoto anapanda daladala kwa nauli ya 200, na makonda wanajua kabisa kwamba kiti chake kingeweza kukaliwa na mtu mzima.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anayeondoka. Akihama mhasibu, nesi na fundi mwenye duka, hawaondoki na watoto watatu tu. Wanaondoka watu watatu ambao wangesimama kwenye mkutano na kuuliza ruzuku ya robo hii iko wapi. Mapokezi na matumizi hayo yanapaswa kubandikwa ubao wa matangazo. Shule ambayo hakuna anayeusoma ubao, karatasi ya mwaka juzi bado iko pale, imepauka kwa jua. Kamati ya shule huchaguliwa na wazazi na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Kamati dhaifu inasaini alichoandika katibu. Yenye mhasibu ndani inadai stakabadhi za rimu. Na hesabu ya mia tano inageuka haraka: nusu ya wazazi wakitoa elfu moja moja kwa mwezi kwa utaratibu unaokubalika, shule ile ya watoto 1,000 imeongeza maradufu fedha yake.

Anayetaka kuamua asisikilize geti. Aende siku ya kazi saa tatu asubuhi, aulize vitu vinne: mkondo wa darasa la kwanza una watoto wangapi na unafundishwa na nani, mwalimu huyo amekaa na darasa hilo miaka mingapi, ubao una taarifa ya lini, na darasa la pili waliomaliza mwaka bila kujua kusoma ni wangapi. Mwalimu mkuu anayejua jibu la swali la nne bila kuita mtu, mwachie mtoto. Akisema "wote wanajua", omba daftari lolote la darasa la tatu.

Na anayeamua kuhama ahame mapema. Uhamisho unafuata namba ya PREM ya mtoto, yaani namba yake kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na ndiyo inayotumika kumsajili kwa mitihani ya kitaifa. Akihama mwaka wa mtihani baada ya usajili, atakaa darasani kwenye shule mpya huku jina lake likiwa kwenye orodha ya ile ya zamani. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wamo kwenye mpango mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba, wanahitimu 2027 pamoja na la saba wa mwisho. Mwaka huo mwalimu mkuu atakuwa na madarasa mawili ya mtihani kwa mpigo, juu ya la nne, na walimu wale wale. Mwenye mtoto atakayekuwa darasa la kwanza au la pili wakati huo aanze sasa kuuliza nani atabaki chini.