Mwaka Niliotazama Filamu kwa Masikio ya Mama

Mwanzoni mwa mwaka jana macho ya mama yaliingia ukungu. Mtoto wa jicho, daktari akasema, tena yote mawili, na upasuaji ukapangwa mwezi wa kumi na moja. Kwa mtu ambaye jioni zake zote ni televisheni, hiyo ni miezi mingi. Picha alikuwa anaiona kama anayechungulia kupitia chandarua: huyu mwanamke, yule mwanamume, hapa bahari, pale nyumba. Maandishi ndiyo hayakuwezekana kabisa. Nikamwambia, mama, tutazame pamoja, nitakuwa nakusomea. Basi jioni tatu au nne kwa wiki, baada ya isha, naweka kompyuta mezani, naunganisha spika ndogo, naye anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hapa kwetu Tanga upepo wa saa hizo ni mzuri.

Hadi mwaka unaisha, daftari langu lilikuwa na filamu 43. Nyingine tulizikatisha katikati. Nitazungumzia zile zilizobaki kichwani, kwa sababu mama alinibadilishia kabisa namna ya kutazama. Mtu asiyeuona vizuri uso wa mwigizaji hadanganyiki kwa uzuri wa sura wala kwa gari la kifahari. Anachokipata ni sauti, na sauti ikiwa ya uongo anaitambua mapema sana.

Hukumu yake ya kwanza niliyoiandika ilikuwa juu ya filamu moja ya Bongo ambayo sitaitaja jina. Mume anarudi usiku wa manane, mke anamuuliza alikuwa wapi, ugomvi unaanza. Mama akasikiliza, akasema: "Hawa hawagombani, wanasomeana." Nikarudisha nyuma, nikafumba macho na mimi. Kweli. Kila mmoja anangoja mwenzake amalize sentensi nzima ndipo aanze ya kwake. Na mke anamwambia mume, saa nane za usiku, "naomba unieleze sababu za kuchelewa kwako." Hiyo ni barua ya mwajiri. Watu wakigombana wanakatizana, wanarudia neno lilelile mara tano, wanafukua mambo ya mwaka juzi, wanamwingiza mama mkwe. Tangu siku hiyo nikawa nasikia kosa hilo kila mahali, na ninaamini ndilo linalotuumiza kuliko kamera duni au bajeti ndogo. Kamera duni mtu anaizoea baada ya dakika kumi. Mazungumzo ya uongo hayazoeleki.

Ndiyo maana ya kwanza kutushika ilikuwa *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka 2021. Riwaya ya Adam Shafi nilisoma kidato cha sita, na kama wengi wa rika langu niliisoma kwa ajili ya mtihani, nikichambua dhamira na wahusika mpaka ladha ikaisha. Mama hakuisoma. Ila mama alizaliwa Ng'ambo, Unguja, miaka ileile ya hamsini ambayo filamu inaisimulia, akaja Tanga alipoolewa. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anakimbia ndoa na kupata hifadhi kwa Mwajuma. Denge, kijana anayepinga ukoloni, anasakwa na polisi wa Mwingereza. Hadithi yenyewe mama aliielewa haraka. Kilichomshika ni Mwajuma, aliyeigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar. Mwajuma alipofungua mdomo, mama aliacha kupepea. "Huyu wa kwetu huyu," akasema, na baada ya hapo kila Mwajuma akisema neno alikuwa analirudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Mimi nina lawama mbili juu ya filamu hiyo na sizifichi. Siasa za Denge zimekonda mno. Kwenye riwaya unaelewa kwa nini kijana yule yuko tayari kupoteza kila kitu, kwenye filamu inabidi umwamini tu. Halafu kuna mahali ambapo picha imependwa kuliko hadithi, mtu anasimama kwenye mwanga mzuri na sisi tunangoja. Mama hapo alikuwa anauliza, "Imekwama?" Haikuwa imekwama. Hata hivyo naiweka juu kabisa ya orodha yangu, kwa sababu ni filamu ya Kiswahili isiyoomba radhi kwa Kiswahili chake. Haikukisafisha ili wa bara tusipate tabu, wala haikukigeuza mapambo ya kuwafurahisha watalii. Tanzania iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscar, ya pili katika historia yetu baada ya *Maangamizi* ya mwaka 2001. Zaidi ya miaka ishirini kati ya moja na nyingine! Hilo liliniuma nilipoligundua, na bado linaniuma.

*Nairobi Half Life* nilikuwa nimeiona zamani, nikairudia kwa ajili ya mama nikiwa na wasiwasi kidogo. Ni filamu ya mwaka 2012, ya Tosh Gitonga, na imejaa Sheng, ile lugha ya mtaani ya vijana wa Nairobi. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza diski za filamu kwa kuigiza vipande vyake mbele ya wateja, anazipiga ngumi zote na milio yote ya bunduki kwa mdomo. Anataka kuwa mwigizaji, anakwenda Nairobi, na hata kabla hajajua kulia wala kushoto ameshaibiwa kila kitu na kutupwa rumande. Mama alicheka pale mwanzoni mpaka akakohoa. Kwa Sheng alipotea, na alisema wazi kwamba amepotea, lakini hakutaka tuzime. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba maneno hayaelewi ila anawasikia vijana wenyewe, kwamba wanatania hivyo kwa sababu wanaogopa. Sijawahi kusoma mahali popote maelezo mazuri kuliko hayo juu ya filamu hii. Joseph Wairimu anamcheza Mwas kana kwamba mwili mmoja umebeba vijana wawili, mmoja wa jukwaani na mmoja wa genge, na marehemu Olwenya Maina, anayemcheza Oti, ana ile sauti ya kiongozi wa mtaa ambaye hahitaji kupaza. Mwisho wake, Mwas akiwa jukwaani baada ya yote yaliyowapata wenzake, ni mwisho unaonifanya nikae kimya kila mara. Katika filamu zote za Kenya nilizowahi kuona, hakuna ninayoiweka mbele yake.

Nyingine nizipite haraka. *Binti* ya Seko Shamte, wanawake wanne wa Dar es Salaam, nzuri, na ningependa sehemu yake ya kwanza iwe filamu nzima peke yake. *The Lion King* tuliitazama na mjukuu wake wikendi moja ya mvua. Mama alifurahi kusikia simba anaitwa Simba na rafiki anaitwa Rafiki, akauliza basi mbona baada ya kuitana hivyo wanazungumza Kizungu. Mjukuu hakuwa na jibu, wala mimi.

*The Letter* haiwezi kupitwa haraka. Ni filamu ya kweli, si ya kuigiza, ya Maia Lekow na Chris King, ya mwaka 2019. Kijana anaitwa Karisa, anaishi Mombasa, anapata habari kwamba bibi yake mzaa baba, bibi wa zaidi ya miaka tisini, ametuhumiwa uchawi na ndugu wa nyumbani. Anarudi kijijini Kilifi kutafuta ukweli, na kadiri siku zinavyokwenda unaona kwamba chini ya neno uchawi kuna neno shamba. Wazee wa pwani ya Kenya wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na filamu inalisema hilo bila kupiga kelele. Bibi mwenyewe anaendelea kulima. Hiyo ndiyo picha ninayoikumbuka: jembe lake.

Sasa, sehemu kubwa ya filamu hiyo ni Kigiriama. Nilijiandaa kusoma maandishi ya Kiingereza na kumtafsiria mama, kama tulivyozoea. Dakika chache tu akaninyamazisha kwa mkono. Ameishi Tanga na majirani Wadigo zaidi ya miaka arobaini, na Kidigo na Kigiriama ni watoto wa nyumba moja. Hakukishika chote, ila alishika cha kutosha, na pale alipokosa alikisia. Ilikuwa jioni ya kwanza katika mwaka mzima ambayo mama alielewa filamu kuliko mimi.

*Watu Wote* ni fupi, dakika 22 tu, juu ya shambulio la basi karibu na Mandera Desemba 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kutengwa na abiria Wakristo, wakawapa akina mama hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari iliyofuata. Filamu ina Kisomali na Kiswahili. Nilichokisikia safari hii, kwa masikio niliyofunzwa na mama, ni kwamba Kiswahili cha ndani ya basi lile si lugha ya nyumbani ya Jua, yule abiria Mkristo tunayemfuata, wala ya mwalimu. Kila mmoja amekikopa ili amfikie mwenzake, na hata kikichechemea kinatosha. Mama aliomba tuzime, tusitazame nyingine usiku ule.

Halafu *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Jo ni mtoto wa miaka tisa, mgonjwa, hatapona, na anazipenda filamu za mashujaa kuliko kitu chochote. Dada yake Mwix anamfanya aamini kwamba ana uwezo wa ajabu, na kijiji kizima kinaungana kuitunza siri hiyo, mpaka wanaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe. Najua ikisimuliwa hivi inaonekana ni ya kumliza mtu kwa nguvu. Siyo. Mama yake Jo ana hasira za kweli, hasira za mtu anayejua kinachokuja na hataki kuchezewa, na hizo ndizo zinaiokoa filamu isiwe peremende.

Kijijini kwa Jo kuna ukumbi wa video, na yupo Mike anayesimulia filamu huku inaendelea, watu wamejaa kwenye mabenchi. Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza kama kile. Nyuma ya soko, turubai dirishani, filamu ya Kichina, na juu yake sauti ya Lufufu akitueleza nani ni adui, nani kamsaliti nani, akimpa kila muigizaji jina letu na matusi yetu. Wakenya wana DJ Afro wao. Wasomi wengi walikuwa wanacheka vibanda vile, wakisema tunaharibu kazi za watu. Mimi nasema ndipo nilipojifunza kwamba filamu ni yangu pia. Sikujua neno la Kichina wala la Kiingereza, na hakuna aliyeniambia ningoje mpaka nijue.

Supa Modo ina Kikuyu kingi, na nakala niliyoipata ilikuwa na maandishi ya chini ya Kiingereza peke yake. Kwa hiyo nikasimulia. Mwanzoni nilisoma kwa sauti ya kawaida, kama taarifa ya habari, mama akaniambia nimfanyie vizuri. Nikaanza kubadilisha sauti: hii ya Jo, hii ya Mwix, hii ya mama mtu. Kufika mwisho sauti yenyewe ilikuwa imenikwama kooni na mistari miwili mitatu sikuisoma. Hakuniuliza imesemaje.

Hili ndilo linalonikera mwaka huu. Filamu ya Kenya inatazamwa Tanzania, wahusika ni majirani zetu, nusu ya mazungumzo ni Kiswahili, na ile nusu nyingine inatafsiriwa kwa Kiingereza tu. Mtazamaji wa Berlin amefikiriwa. Mama wa Tanga hakufikiriwa. Tamthilia za Kituruki zimeingizwa sauti za Kiswahili na kila nyumba mtaani kwetu inazifuata, kwa hiyo hakuna atakayeniambia hakuna soko. Nawaomba watengenezaji, na naomba kwa moyo wote: mkiandika maandishi ya chini, andikeni na ya Kiswahili. Mtafuteni mtu anayejua watu wanavyogombana, mumpe kazi hiyo, mumlipe.

Ninakiri kuna filamu moja iliyoniyumbisha katika haya yote, nayo ni *Perfect Days*, ya Wim Wenders. Mzee anasafisha vyoo vya umma Tokyo. Anaamka, anamwagilia miche yake, anakwenda kazini, anasikiliza kanda za kaseti kwenye gari, na kwa sehemu kubwa hasemi kitu. Nilidhani mama atasinzia. Alikaa wima mpaka mwisho. Alikuwa anasikiliza maji, ufagio, mlango wa gari. "Huyu anaipenda kazi yake," akasema, na Koji Yakusho alipewa tuzo ya mwigizaji bora kule Cannes mwaka 2023 kwa jambo hilohilo.

Upasuaji ulikwenda vizuri, jicho la kulia kwanza, la kushoto wiki chache baadaye. Siku alipotolewa bandeji ya pili alikaa barazani akitaja rangi za nguo za wapita njia. Wiki ya mwisho ya Desemba nikamuuliza tutazame nini. Akataka *Vuta N'kuvute*. Nikaweka kompyuta mezani, nikaunganisha spika, nikaongeza sauti kama kawaida yetu. Ulipotokea mji, na bahari, na zile njia nyembamba za kwao, akasogeza kiti karibu na meza.

"Punguza sauti kidogo," akasema. "Ngoja niangalie."