Maumivu ya taya si ruhusa ya kuchonga meno mazima

Binamu yangu amerudi kutoka kwa daktari wa meno akiwa amechongwa magego manne. Alikwenda kwa sababu ya taya: akiamka asubuhi mdomo unagoma kufunguka, na akipiga mwayo kiungo kinalia ko! mbele ya sikio. Akaambiwa meno yake hayakutani vizuri, yapunguzwe. Taya bado linauma, na sasa hata maji ya baridi hanywi kwa raha. Enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, ikishaondoka hairudi.

Nimekasirika, kwa sababu imani iliyomponza ni ya zamani mno. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio na koo huko Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa 11 na kuyahusisha maumivu yao na kupotea kwa meno ya nyuma. Tangu hapo tafiti nyingi zimefanyika, na zinachoonyesha ni uhusiano dhaifu kati ya meno yanavyokutana na maumivu ya taya. Watu tele wana meno yaliyopishana na taya halijawahi kuwasumbua. Wengine wana meno yaliyonyooka kabisa na hawalali kwa maumivu.

Tena kuna jambo ambalo kila daktari wa meno anapaswa kulijua kabla ya kushika mashine: mara nyingine kiungo ndicho kinachoharibu mpangilio wa meno. Kichwa cha mfupa wa taya kikilika kwa ugonjwa wa viungo, taya la chini hurudi nyuma, na meno ya mbele yaliyokuwa yakigusana huacha kugusana. Daktari akiona ule mwanya akasema ndio chanzo, amegeuza mambo juu chini, na mgonjwa ndiye anayelipia.

Sawa, sisemi meno hayahusiki kamwe. Waliopoteza magego mengi, au ambao meno ya upande mmoja yamekaa kinyume (ya juu yakiangukia ndani ya yale ya chini), wamehusishwa na matatizo haya katika baadhi ya tafiti. Lakini kuhusishwa si kusababisha. Na waya za kunyoosha meno zina kazi yake. Kutibu kiungo cha taya si mojawapo.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji makuu. Daktari abonyeze kwa vidole misuli ya shavuni na ya pembeni mwa kipaji cha uso, apime kwa rula mdomo unafunguka kiasi gani, aulize habari za usingizi, msongo wa mawazo, kusaga meno usiku. Kisha aanze na yanayoweza kurudishwa nyuma: vyakula laini, mazoezi ya taya, dawa za maumivu, pengine kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku. Wengi hupata nafuu hapo hapo.

Kwa hiyo ukiambiwa jino lako zima lichongwe ili taya lipone, muulize daktari ushahidi wake ni upi, na usikubali kuchongwa siku hiyohiyo. Nenda kwanza ukasikie maoni ya daktari wa pili.