Umeme Ukikatika, Mjuaji Anawaka

Umeme ukikatika Goma, mashariki mwa Kongo, kinachowaka kwanza si mshumaa wala jenereta ya jirani. Ni mdomo wa mjuaji wa mtaa. Mshumaa utaisha, jenereta itakauka mafuta, lakini huyu hana swichi.

Utamkuta pale Birere kwa mchaji simu, chaja zimening'inia ukutani kama utumbo wa mbuzi, kidole kakielekeza juu: "Nyinyi hamjui kitu. Huko juu kabisa jua halionekani! Giza tupu. Mwanga unatengenezwa na hii hewa yetu." Na watu, badala ya kumdai pesa ya kuchaji ya juzi, wanaitikia: "Kweli, Papa."

Angekuwa mwongo kamili ungecheka ukaenda zako kula bugali. Shida ana nusu ya ukweli, na mtu wa nusu ndiye anayepandisha watu presha, maana kabla ya kumkatalia lazima umpe kwanza nusu yake.

Haya, achukue. Mwanga unaokupita ubavuni huuoni mpaka ugonge kitu, nacho kiurushe kidogo kuelekea jichoni. Washa tochi chumbani pasipo vumbi: utaona balbu, utaona doa ukutani, katikati hakuna kitu. Kung'uta kitambaa chenye unga wa muhogo mbele yake, mara fimbo nyeupe imetokea. Fimbo ile ni unga. Ndiyo maana pikipiki ya Ndosho wakati wa kiangazi huonekana ikisukuma bomba la mwanga mbele yake, na mvua ikishanyesha bomba limepotea, ingawa taa ni ileile na dereva ni yuleyule asiyejua breki iko wapi.

Na ule wekundu wa Nyiragongo usiku, je? Mlima una mita 3,470, lava iko chini ya ukingo wa shimo, hakuna aliyekaa Katindo anayeiona ikichemka. Anachokiona ni moshi na mawingu yaliyosimama juu ya shimo, yakimulikwa kutoka chini. Mtu amekua akitazama mwanga ukigonga moshi kila jioni, halafu leo anatufundisha anga!

Sasa ile nusu iliyooza. Mwanga unaopita ubavuni hauonekani, sawa. Lakini unaokuja usoni? Geuza tochi uielekeze jichoni uone kama utahitaji unga. Huko juu ukiligeukia jua linakuchoma macho, jeupe pe, jeupe kuliko hapa, na kulizunguka ni weusi mtupu. Kama halionekani, paneli za setilaiti zinakula nini? Sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu?

Hewa si kiwanda cha mwanga, Papa. Hewa ni bariere, kile kizuizi cha njiani cha kutoza watu. Juu yake kila mita ya mraba iliyolielekea jua hupata wati kama 1,361. Zikishavuka bariere, saa sita mchana bila wingu, zimefika chini kama 1,000. Zilizobaki zimelipa njiani. Na askari wa bariere hii ana ubaguzi: mwanga wa bluu anautawanya karibu mara sita kuliko mwekundu. Ile bluu aliyoitawanya huku na huku ndiyo anga unayoiona mchana. Mwezini hakuna bariere, ndiyo maana mchana kweupe anga yake ni nyeusi.

Kwa mbishi wa kuzaliwa kuna dawa ya maziwa. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, lita moja ya maji, nusu kijiko cha chai cha maziwa ya Masisi. Tikisa, zima taa (kama hazijazimwa tayari, na hapa kwetu kwa kawaida zimekusaidia), weka tochi ya simu chini ya chupa. Ukitazama ubavuni, maji yana ubluu kidogo. Ukichungulia kutoka juu ukiifuata tochi, mwanga umekuwa wa machungwa kama jua la jioni, kwa sababu bluu imebaki njiani. Ukiona weupe mtupu kila upande, umezidisha maziwa: mwaga nusu, ongeza maji. Tochi ya mwanga wa njano haifai, haina bluu ya kutosha ya kutawanya. Na chupa ikae mbali na mjuaji, ataomba chai.

Halafu anakuja na turufu yake: "Mbona picha za mwezini hazina nyota?" Anaisema polepole, kama mtu anayeweka karata ya mwisho mezani.

Chukua simu yako hiyo inayochajiwa. Fungua kamera upande wa kurekebisha kwa mkono, weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, muda sekunde 1/250, piga taa ya mchaji simu na anga nyuma yake. Taa safi, anga nyeusi, nyota hakuna hata moja. Sasa weka ISO 1600, muda sekunde 15, fokasi kwenye alama ya mlima, simu uiegemeze kwenye kidumu, na utumie saa ya kuchelewesha sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise. Nyota hizo hapo, ila taa imekuwa yai lililopasuka. Sekunde 15 ni mara 3,750 ya ile ya kwanza, huwezi kuvipata vyote viwili kwa mpigo mmoja. Ukipita sekunde 20 hivi nyota zinakuwa vistari, dunia haikusubiri. Zikitoka na ndevu, futa lenzi, ni mafuta ya sambaza.

Wale wa Apollo 11, waliotua mwezini Julai 1969, walikuwa wanapiga picha watu waliovaa nguo nyeupe juani, kwenye ardhi iliyo juani. Ardhi ya mwezi hurudisha asilimia kama 12 tu ya mwanga, ni giza kama lami kuukuu, na bado jua lile linatosha kabisa kwa 1/250. Nyota ingepata nini hapo? Waliotaka nyota walipeleka chombo chake. Aprili 1972, Apollo 16 ilibeba kamera ya mwanga wa urujuanimno iliyobuniwa na George Carruthers, mwanafizikia Mmarekani mweusi. Waliiweka wapi? Kivulini mwa chombo chao. Ikapiga nyota.

Lakini kitu kinachonikera kuliko vyote ni kwamba ushahidi unapita juu ya vichwa vyao huku wakibishana. Kituo cha kimataifa cha anga kiko kilomita kama 400 juu, na NASA inatoa ratiba ya kupita kwake. Jioni ambayo kipo, tafuta kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo: nukta nyeupe kali, haipepesi, haina taa nyekundu za ndege, inakata anga kwa dakika chache. Haijawasha taa. Imepigwa na jua, lile lililokwisha kuzama kwako. Maana yake pale juu pamejaa mwanga wa jua mpaka pomoni, nawe unaona weusi kwa sababu hakuna cha kuugonga isipokuwa hicho kituo. Kisha ghafla, katikati ya anga pasipo na wingu, kinafifia kwa sekunde chache na kupotea. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Waliokuwa wakitazama hupiga yowe, mjuaji anasema kimeanguka ziwani.

Basi unajaribu ya mwisho: kumwonyesha nyota kwa macho. Unamweka kizani, unamweleza. Mboni hupanuka kutoka milimita 2 hadi kama 7, hiyo ni haraka. Kinachochelewa ni kemikali ya ndani ya jicho, inataka dakika 20 mpaka 30 bila mwanga mkali, na mweko mmoja wa tochi unakurudisha mwanzo. Anakubali. Anakaa kimya, jambo ambalo mtaa haujawahi kuliona. Dakika ya 10, nyota zinaongezeka. Ya 15, mkanda wa Njia Nyeupe unaanza kujitokeza juu ya ziwa. Ya 19, ana hoja. Anawasha tochi ya simu, anaikita katikati ya macho yako ili umsikilize vizuri, na kuuliza: "Haya, Papa, hizo nyota zako ziko wapi?"