Bibi wa Alps Alilichemsha, Hakujipaka

Wifi karudi kutoka Zurich na zawadi yangu: krimu ya uso, mililita 50, kwenye kikopo cha kioo kizito utadhani jiwe la kusagia. Juu ya mfuniko kuna ua jeupe la edelvaisi, na ubavuni kwa Kiingereza: siri ya kale ya urembo ya wanawake wa Alps, ile milima mirefu ya Ulaya. Nikamshukuru, zawadi ni zawadi. Kisha nikajifungia chumbani nikasoma kikaratasi cha ndani, nikapandwa na hasira ambazo wifi wa watu hakustahili. Ndiyo maana nazimwagia hapa.

Siri gani? Urembo upi? Kule Tirol, wazee wa Austria waliliita ua hilo Bauchwehbleaml, yaani kiua cha kuumwa tumbo. Jina lenyewe limeshasema yote! Mtu akiharisha, walilichemsha kwenye maziwa, wakatia asali, akanywa. Tumbo, jamani. Tumbo la kuhara. Wanaouza krimu wanalijua hilo vizuri, ila nani atatoa pesa nzito kwa kikopo chenye picha ya mtoto anayekimbilia chooni? Basi bibi wa watu, aliyeshinda mlimani akikata majani ya ng'ombe, anapewa kazi mpya baada ya kufa: mtaalamu wa mikunjo ya macho. Na hakuna wa kumuuliza kama amekubali.

Hiyo "siri" ndiyo iliyonichoma zaidi. Bibi yangu alikuwa na mwarobaini nyuma ya jiko, na mtaa mzima ulikuja kuchuma majani bila hata kubisha hodi. Mwenye dawa alitaka ijulikane, ili kesho na yeye akiugua aende kwa jirani. Siri inazaliwa siku dawa inapopata mfuniko wa dhahabu.

Haya, tugeuze kikopo. Sheria ya vipodozi ya Ulaya inataka viambato viandikwe kuanzia kilicho kingi, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1, hivyo vipangwe kwa mpangilio wowote huko mwishoni. Maji, glisirini, mafuta, nta... ua langu nikalikuta la kumi na tisa, chini ya kihifadhi cha fenoksiethanoli. Kihifadhi hicho sheria hiyohiyo imekiwekea kikomo cha asilimia 1, kwa hiyo ua haliwezi kuzidi hapo. Kwenye kikopo kizima ni nusu mililita kwa wingi wake, matone kumi hivi. Austria wana sarafu ya senti 2 ya yuro yenye picha ya edelvaisi. Kwa bei ya krimu hii ningepata maua mengi zaidi ya hayo, tena ya kuhesabika.

Wauza krimu wanasema pia ua linaishi juani mita elfu mbili na zaidi, kwa hiyo litakukinga na jua. Kweli linajikinga, lakini kwa vile vinyweleo vyeupe kama pamba; wanafizikia wa Ubelgiji walivichunguza mwaka 2005 wakakuta umbo lake dogo mno ndilo linalonasa miale ya UV, ile ya jua inayounguza ngozi. Sasa ukishaliponda ua na kulichuja, hilo umbo limebaki wapi kama si kwenye chujio?

Sawa, niwape haki yao, shingo upande. Edelvaisi ina antioksidanti za kweli, yaani kemikali zinazozuia seli zisiharibike. Na ya kwenye vipodozi mara nyingi inalimwa, kama kule Valais, Uswisi, wanakopanda aina iitwayo Helvetia, kwa hiyo maua ya porini, kule majabalini, yanapumua. Jimbo la Obwalden, hukohuko Uswisi, lilipiga marufuku kuing'oa tangu 1878.

Afadhali arnika, ua jingine la milima hiyo. Wazee waliipaka palipovilia damu, na leo inauzwa kwa kazi hiyohiyo, na onyo juu: usipake kwenye kidonda, usimeze. Jentiana nayo, mmea mwingine wa huko, usiniulize. Pombe kali yake inatoka kwenye mzizi wa ile yenye maua ya njano, halafu chupa nyingi zinachorwa ua la buluu kwa sababu linapendeza.

Krimu yenyewe ni laini, sikatai. Naipaka visigino, na vimeitika. Jana wifi kapiga simu kuuliza uso unaendeleaje, nikamwambia unang'aa.