Kabla hujabeba PS5 au Xbox, piga kwanza hesabu ya kifurushi

Mdogo wangu anafunga AC, na mwaka mzima huu kila akilipwa kazi ya maana alikuwa anatenga kidogo kwa ajili ya konsoli. Wiki mbili zilizopita akanitumia voisi ya dakika nne: kaka hela imetimia, sasa nichukue ipi, maana jamaa wa dukani ananiambia Xbox ile ndogo ni bei rahisi halafu gemu zote bure, unalipia tu kidogo kila mwezi. Nikamjibu usitoe hata mia mpaka tuonane. Tukaongea jioni nzima, na mengi niliyomwambia naona yanawagusa watu wengi walio kama yeye, wa Dar, wa Mwanza, wa Mombasa, yani mtu ananunua mashine moja na inabidi imfikishe miaka mitano sita, kwa hiyo nayaandika hapa.

Tuanze na hilo neno bure. Game Pass, yani ile huduma ya Xbox unayolipia kila mwezi upate gemu, ni king'amuzi. Umelipia mwezi huu chaneli zinafunguka, hujalipia unabaki na dekoda na rimoti mkononi. PS Plus Extra ya PlayStation ni vilevile, na hata zile gemu za kila mwezi za PS Plus Essential ambazo watu wanasema "nimepewa", kweli unaziweka kwenye akaunti yako ila siku usajili ukikatika zinapigwa kufuli mpaka ulipie tena. Tena gemu nyingine zinaondolewa kwenye orodha hata kama unalipa vizuri, maana wenye gemu walikodisha kwa muda na muda umeisha. Mimi yamenikuta kwenye huduma moja niliyokuwa nalipia, nilikuwa katikati ya gemu ndefu, nimeshaweka masaa kama 40, ikaingia miezi ya ada za shule nikaacha kulipia, niliporudi baada ya miezi mitatu gemu haipo. Save yangu, yani pale nilipofikia, ipo, gemu haipo, na kuinunua ni bei kamili. Niliumia sana na ndiyo maana nalisema kwa uchungu.

Sasa hesabu. Game Pass Ultimate, kifurushi chake cha juu, ilianza 2019 kwa dola 14.99 kwa mwezi. Oktoba 2025 Microsoft, wenye Xbox, wakaipandisha ikafika dola 29.99, yani mara mbili ndani ya miaka sita. Ukichukua dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, kwa bei hiyo ya Oktoba 2025 ni kama elfu 75 kwa mwezi, laki tisa kwa mwaka, na kwa miaka minne ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Mashine yenyewe umeshainunua mara mbili na chenji imebaki! Kuna vifurushi vya chini, Premium na Essential, ambavyo Oktoba hiyohiyo vilikuwa dola 14.99 na 9.99, ila kinachofanya watu waisifie Game Pass ni kupata gemu mpya siku ileile inayotoka, kama Call of Duty: Black Ops 6 ilivyoingia Oktoba 2024, na raha hiyo iko kwenye Ultimate, ukishuka kwenye Premium gemu mpya za Microsoft wenyewe unazisubiri, zinakuja ndani ya mwaka.

Sony, wenye PlayStation, nao si malaika. Septemba 2023 walipandisha PS Plus ya mwaka, Essential kutoka dola 59.99 hadi 79.99, Extra kutoka 99.99 hadi 134.99, Premium kutoka 119.99 hadi 159.99. Na kumbuka Sony hawaweki gemu zao kubwa mpya kwenye kifurushi siku ya kwanza. God of War Ragnarök ilitoka Novemba 2022, kwenye Extra ikaingia Januari 2025. Mtu mwenye subira hiyo haimsumbui, ila usinunue PS5 ukidhani Plus itakupa Spider-Man mpya siku inatoka, haitakupa.

Halafu kuna hesabu ambayo wenzetu wa Ulaya hawaihesabu kabisa na sisi inatumaliza: intaneti. Kifurushi kinakupa mamia ya gemu, sawa, ila kila moja unaipakua. Spider-Man 2 ni GB 90 na kitu, Call of Duty inavuka 100, Baldur's Gate 3 inakaribia 150. Raha ya hizi huduma ni kuonja onja, unajaribu hii, ukiona haikufai unafuta unashusha nyingine, sasa onja gemu tano za GB 80 kwa bando la simu uone, hizo ni GB 400 na bado hujamaliza hata moja. Kama nyumbani una faiba isiyo na kikomo, hapo tunaongea lugha nyingine. Kama unawasha hotspoti ya simu, kifurushi cha gemu kitakuwa kinakulipisha mara mbili.

Na kuna hili ambalo wauzaji hawakwambii. Tanzania na Kenya hatumo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wa akaunti na duka la gemu, kwa Afrika huku kusini mwa Sahara utaikuta Afrika Kusini, sisi tunafungua akaunti za Marekani au Uingereza halafu tunanunua kadi za kujazia za nchi hiyo. Game Pass nayo huku haiuzwi rasmi. Inafanya kazi, watu wanatumia miaka yote, ila tuelewe tumesimama kwenye uwanja wa watu. Mwaka 2024 kwenye gemu ya Helldivers 2 Sony walitaka wachezaji wa PC, yani kompyuta, lazima wawe na akaunti ya PSN, na gemu ikaondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, kwa nchi zaidi ya 170 ambazo PSN haipo. Makelele yakawa makubwa mpaka wakarudi nyuma kwenye sharti lao ndani ya siku chache, ila mimi somo nililipata pale: mtu asiye kwenye orodha ndiye wa kwanza kusahaulika wakibadilisha sheria. Kwa hiyo kadiri maisha yako ya gemu yanavyotegemea usajili wa mtandaoni ndivyo unavyotegemea mlango ambao haujawekwa kwa ajili yako. Na hizo kadi za kujazia nazo ununue kwa mtu unayemwamini, maana kuna muuzaji alinitumia namba ya kadi ambayo tayari imetumika na simu zangu hakupokea tena.

Haya, gemu za kwao peke yao, zile unazozikuta kwenye mashine moja tu. Zamani hili ndilo lilikuwa swali zima, unataka Halo unachukua Xbox, unataka God of War unachukua PlayStation, mjadala umeisha. Siku hizi ukuta umebomoka, ila umebomoka zaidi upande mmoja. Februari 2024 Microsoft walitangaza gemu zao nne kwenda mashine nyingine, ikiwemo Sea of Thieves, watu wakasema ni ndogo ndogo hizo. Aprili 2025 Indiana Jones and the Great Circle ikaingia PS5, mwezi huohuo Forza Horizon 5 nayo ikaingia, Agosti ikafuata Gears of War: Reloaded, na Oktoba 2025 wakatangaza Halo yenyewe, Halo jamani, Campaign Evolved, kwamba inakuja PS5 mwaka 2026. Sony upande wao walipeleka Helldivers 2 kwenye Xbox Agosti 2025, na nyingi za hadithi wanazipeleka PC baada ya muda, lakini Astro Bot, Gran Turismo 7, Ghost of Yōtei, hizo kwenye konsoli bado unazikuta PlayStation tu.

Maana yake ni nini kwa mtu mwenye hela ya mashine moja? Mwenye PS5 leo anacheza gemu za Sony na taratibu anapata za Microsoft pia. Mwenye Xbox anapata za Microsoft mapema, anapata Game Pass, basi. Ukimtoa Game Pass, sababu ya kuchukua Xbox hapa kwetu inakuwa nyembamba mno. Na Game Pass ndiyo hiyo tumeipigia hesabu hapo juu. Sisemi mashine ni mbaya, Series X, ile Xbox kubwa, ni mashine nzuri sana, inasoma hata diski nyingi za Xbox 360, na save zako inazitunza mtandaoni bila kukulipisha wakati PlayStation ile huduma iko ndani ya Plus. Ila mashine nzuri na mashine inayokufaa mahali ulipo ni vitu viwili.

Kuna kitu kikubwa kuliko vyote hivi na hakiandikwi kwenye mapitio ya kule nje kwa sababu wao hawakihitaji tena. CD. Mtaani kwetu kila mwenye konsoli ana PlayStation, PS4 nyingi na PS5 zinaongezeka, vibanda vya gemu ni PS, pedi tunaazimana, na CD zinazunguka. Mimi nikimaliza gemu naenda Kariakoo naacha yangu naongezea kidogo nachukua nyingine, au nampa jirani yangu naye ananipa yake mpaka mwisho wa mwezi. Kwa mwaka jana nimecheza gemu tisa za hadithi kwa namna hiyo na sikulipia usajili wowote. Hicho ndicho kifurushi chetu, kipo tangu enzi za PS1, hakipandi bei Oktoba, na gemu haiondolewi kwenye orodha ukiwa umelala. PS5 yenye sehemu ya diski inasoma karibu CD zote za PS4 pia, kwa hiyo siku unainunua tayari mtaa mzima ni maktaba yako.

Kitu kimoja tu cha kuangalia kwenye CD: diski yenyewe haina kufuli la nchi, ya Ulaya inacheza, ya Dubai inacheza, lakini vile vya kuongezea unavyonunua mtandaoni lazima vitoke duka la nchi inayoendana na diski. Una akaunti ya Marekani na diski ya Ulaya halafu unanunua DLC, unaweza ukatoa hela na isifunguke. Ulizeni kabla.

Ndiyo maana ile Xbox ndogo, Series S, nilimkatalia dogo kabisa. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 299 na kwenye karatasi inapendeza. Haina mahali pa diski. Ile ya GB 512 inakuachia kama 364 za kutumia, hapo ni gemu tatu nne kubwa imejaa. Kwa hiyo unanunua mashine rahisi ambayo kila kitu chake ni kupakua, kila kitu chake ni kulipia mtandaoni, huwezi kuazima, huwezi kuuza ulichomaliza. Urahisi wote uko siku ya kwanza. PS5 ya Digital, ile isiyo na sehemu ya diski, nayo naiweka kundi hilohilo, ingawa kuanzia zile nyembamba za mwishoni mwa 2023 unaweza kununua kisoma diski ukakipachika baadaye, na PS5 Pro ya 2024 nayo inakuja bila hicho kisoma diski pamoja na bei yote ile iliyotoka nayo ya dola 699.99.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Binamu yangu anaishi Dubai, ana faiba, ana watoto wawili ambao leo wanataka Minecraft kesho wanataka magari, kadi yake ya benki inakubalika, duka ni la nchi yake. Yeye ana Series X na Game Pass na kwake ile hesabu inakaa vizuri, watoto wanapitia gemu ishirini kwa mwaka na kuzinunua moja moja angefilisika. Mwaka 2025 alicheza Clair Obscur: Expedition 33 siku inatoka bila kuinunua. Hata huku kwetu, mtu mwenye intaneti nzuri anayecheza kila siku gemu tofauti tofauti, kifurushi kinaweza kumlipa. Swali ni wewe unacheza vipi kweli. Mdogo wangu nilimuuliza mwaka huu umecheza gemu gani, akasema FC ya mpira, GTA, na God of War. Tatu. Watu wa hivyo ndio wengi, na mtu wa gemu tatu kwa mwaka kulipia gemu mia nne ni kumwagia maji shamba la jirani.

Nintendo nitaipita haraka. Konsoli yao Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 449.99, usajili wake wa mtandaoni ndio nafuu kuliko wote, dola 19.99 kwa mwaka, ila gemu zake ni nadra kushuka bei, Mario Kart World ni dola 79.99, na hapa mtaani utabadilishana na nani?

Kuhusu kucheza mtandaoni, kote PS5 na Xbox gemu za kununua kama EA FC zinadai usajili ili ucheze na watu wa nje. Gemu za bure kama Fortnite na Rocket League hazidai. Na kucheza na mshkaji aliyekaa pembeni yako kwenye kochi hakudai chochote, na kwa FC huko ndiko dogo anakocheza siku zote.

Jumamosi tulienda wote Kariakoo. Alichukua PS5 yenye diski, ilibidi aongezee kidogo juu ya ile bei ya Xbox ndogo, mimi nikamchangia pedi ya pili. CD ya kwanza kuingia ilikuwa ile Ragnarök ya PS4 aliyoazima kwa rafiki yake na hajarudisha tangu Pasaka. Plus hajalipia. Anasema atalipia Desemba akiwa likizo, mwezi mmoja tu, na nimeshamwonyesha kwenye mipangilio pale pa kuzima ile ya kujilipia yenyewe.