Binti wa nani?

Msomaji wa Kiswahili akishika kitabu cha Nnedi Okorafor kiitwacho Binti, jina linamkwamisha hata kabla ya ukurasa wa kwanza. Kwetu neno hili halijitoshelezi. Ukisikia "binti" unangoja jina la mtu mwingine lifuate, kama lilivyofuata la Saad kwa Siti, yule mwimbaji mkuu wa taarabu wa Unguja. Huyu msichana wa Okorafor anatoroka kwao bila kuaga ili akasome chuo kikuu kwenye sayari nyingine, na kila anapoitwa anakumbushwa kwamba ana wenyewe. Akijitambulisha kwa ukamilifu anasema: Binti Ekeopara Zuzu Dambu Kaipka wa Namib. Watu na ardhi vimo humo vyote.

Kitabu kilitoka mwaka 2015, na 2016 kikatuzwa Nebula na Hugo, tuzo kubwa za hadithi za sayansi. Nimekisoma mara nyingi, na kimenithibitishia jambo ambalo nilikuwa nalihisi tu: hadithi za sayansi za Afrika zinazonigusa huwa na haraka ya kukipita chombo kinachoruka ili ziwafikie waliobaki mlangoni. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hadithi hizi zinauliza kama kila anayeondoka kwao amewakataa, na zinauliza kwa uchungu, kwa sababu wengi wetu tumeshaulizwa hivyo hivyo na watu tunaowapenda.

Binti ni Mhimba. Wahimba wanaishi kaskazini-magharibi mwa Namibia, na wanawake wao hujipaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya maziwa, mwilini na kwenye misuko. Okorafor hakuibuni. Ameichukua kutoka kwa watu walio hai leo akaipandisha chomboni. Kabla ya safari, kituoni, mwanamke wa Kikhoush, watu wanaojiona bora kuliko Wahimba, anamshika Binti msuko bila kumwomba, kisha ananusa vidole vyake na kushangaa kuwa vinanukia vizuri. Hajui alichokishika. Nywele zile zimesukwa kwa mpangilio wa kihesabu unaohifadhi habari za ukoo wake, na asiyejua kuusoma ataona rangi tu.

Otjize aliyoibeba inatoka kwenye udongo wa nyumbani, kwa hiyo ina mwisho. Sehemu hiyo ndiyo inayonishika kila nikirudia kitabu. Kila anapojipaka, kopo linapungua, na mbele yake kuna sayari ambayo haina Namib. Humo chomboni Meduse, viumbe wa angani wenye minyiri, wanavamia, wanaua, na yeye mwenyewe anabadilishwa mwili hadi nywele zake zinageuka minyiri. Akifika anakwenda msituni, anachimba udongo wa ugenini, anautia mafuta ya mimea ya huko, anangoja, kisha anajaribu. Inafanya kazi. Anaipaka juu ya minyiri ileile ambayo kwao hakuna aliyewahi kuiota.

Ningetaka watu wasimame hapo kwa muda. Mara nyingi tunazungumzia utamaduni kama akiba iliyofungwa kwenye kopo, na kazi ya aliyeondoka ni kuhakikisha haimwagiki. Lakini Binti alijua pia namna ya kuitengeneza, maana alifundishwa. Anayepewa kopo bila kufundishwa kuchanganya ataishiwa, hata akae mlango wa pili na mama yake.

Kitabu cha pili cha hadithi ya Binti, kilichotoka 2017, kinasimulia kurudi, na kwa maoni yangu ndicho chenye ukweli mzito zaidi ingawa hakisifiwi sana kama cha kwanza. Anarudi akiwa shujaa aliyezuia vita, na mezani dada yake anamshambulia kwa maneno: umetuacha, umemuumiza baba, nani atakuoa sasa? Tuna methali inayosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tunaitumia kwa upole, kana kwamba ngamani ni mahali pa kupumzikia. Ngama ni chini kabisa ya jahazi, maji machafu yanakokusanyika. Aliyeitunga alikuwa baharia, na nadhani alijua kwamba anayerudi hupokewa pia na yote yaliyojikusanya alipokuwa hayupo.

Miaka michache baada ya kuondoka kwetu nilikuwa nazungumza na mama kwa simu, nikasimulia jambo la zamani, nikafika mahali nikalikosa neno. Ile ya kuchotea maji mtungini. Nikaanza kuielezea: ina mpini mrefu, ya kifuu. Mama akanyamaza, kisha akasema polepole, "Kata." Hakunilaumu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata.

Wanuri Kahiu wa Kenya aliligeuza swali hili upande wa pili katika filamu yake fupi Pumzi ya mwaka 2009. Asha anaishi ndani ya jengo lililofungwa baada ya vita vya maji. Jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, na ndoto zinazuiwa kwa dawa. Siku moja anapokea udongo bila kujua umetoka kwa nani. Anaunusa. Anapanda mbegu ndani yake, inachipua, lakini kibali cha kutoka anakinyimwa. Anatoroka, anatembea jangwani, na mwishowe anaukinga mche kwa mwili wake mwenyewe. Kwa Asha nyumbani ndiko kunakombana pumzi, na kuondoka ndiyo njia ya kurudi ardhini. Anayesema kwamba kuondoka ni usaliti ana kazi ya kunieleza Asha alimsaliti nani.

Hata nje ya hadithi, swali hili limeshatokea. Mwaka 1964, Zambia ikipata uhuru, mwalimu wa sayansi Edward Makuka Nkoloso alikuwa akiwafundisha vijana kwenda angani kwa kuwabiringisha mlimani ndani ya mapipa. Kinara wao alikuwa msichana wa miaka 17, Matha Mwamba. Dunia ilicheka mapipa. Mimi namfikiria Matha, ambaye mwishowe wazazi wake walikuja kumchukua.

Wapo wanaosema hizi ni hadithi za wenye pasipoti mbili, zimeandikwa kwa Kiingereza na mtu aliyezaliwa Marekani. Ni kweli Okorafor alizaliwa Cincinnati, wazazi wake wakiwa Waigbo wa Nigeria. Sioni kwa nini hilo limpunguzie haki ya kuandika juu ya mtoto anayetakiwa na sehemu mbili. Lugha ni lalamiko jingine, na hilo nalikubali, ila wanaolitoa wasisahau kwamba Katama Mkangi wa Kenya alituandikia riwaya ya Walenisi kwa Kiswahili mwaka 1995, miaka 20 kabla ya Binti. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo kwao, kisha anajikuta katika dunia nyingine yenye haki kuliko ile aliyotolewa. Jina la dunia hiyo ukilikata vipande linasomeka: wale ni sisi.

Natamani kuiona Binti kwa Kiswahili. Mfasiri atapata shida tangu sentensi za mwanzo, kwa sababu "Binti akasimama" kwetu inaweza kuwa msichana yeyote aliyesimama. Atashawishika kulibadili jina, au kulitilia nukta na vistari lionekane geni. Namwomba aliache lilivyo, msomaji aendelee kungoja jina la pili.