Mbingu Haikuwa Buluu

Kwetu Morogoro, nguo za mabaka ni za wanajeshi. Raia ukikatiza nazo mtaani utaulizwa kikosi chako, na ukikosa jibu utarushwa kichura mpaka magoti yalie. Kwa hiyo shemeji yangu Mzungu aliponialika tukawinde kwa upinde huko Wisconsin, akanipa suti ya mabaka, niliirudisha kwa adabu.

"Asante shem, nina nguo zangu."

Nilikuwa nimepiga hesabu. Tunapanda mtini, si ndiyo? Mnyama akiinua macho anaona nini? Mbingu. Mbingu ina rangi gani? Basi nikavaa koti la buluu, jinzi ya buluu na kofia ya sufu ya buluu. Nikajiona profesa.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kung'oa masikio. Shem akanifunga mkanda wa usalama kwenye mwaloni, juu ya kijukwaa kama mita 5 kutoka chini, yeye akakwea mti wa pili. Upinde wake, mimi mtazamaji tu. Kulipopambazuka nikagundua mambo mawili: majani yote yalishapukutika, na mbingu ilikuwa ya kijivu kama maji yaliyooshea sufuria.

Mara akatokea dume la kulungu wao, wale wenye mkia mweupe kwa chini. Akasimama, akainua shingo. Hakumtazama shem. Alinitazama mimi! Akapiga kwato chini: pu! Kimya. Pu! Nikafumba macho, eti nisipomwona naye hataniona. Akatoa mkoromo mkali puani, akainua mkia kama bendera, huyoo.

Shem alishuka bila neno. Garini ndipo akanieleza: rangi nyekundu na ya chungwa haziwaki machoni pa kulungu. Ile chungwa kali ya msimu wa bunduki wawindaji wanaivaa ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Buluu sasa, ndiyo anayoiona vizuri kabisa.

"Ulikaa pale kama taa ya polisi," akasema.

Wiki iliyofuata nilikubali yaishe, nikavaa mabaka ya kijivu na kahawia, kama magome na matawi makavu. Njiani gari la polisi likatokea nyuma yetu. Nilijikuta nimejikunyata chini ya dashibodi.

"Shem, vipi tena?"

"Sina kikosi!"